Rwagasore, Waswahili wa Buyenzi na Kesi Mbili za Damu Moja



Kila tarehe 13 Oktoba nchi yetu husimama. Viongozi hupanda Vugizo kuweka maua juu ya kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, na sisi wanafunzi tunapata siku ya mapumziko. Katika jarida hili tumezoea kusoma maisha ya masahaba, maimamu wa madhehebu na masheikh wetu wa pwani. Safari hii nimeomba nafasi niandike juu ya mtu ambaye hakuwa Muislamu. Alibatizwa, akasomeshwa na mabruda wa Kikatoliki, akazikwa Kikatoliki. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wazee wetu wa Buyenzi walikuwa naye tangu hatua zake za mwanzo, kabla waliokuja kumshangilia baadaye hawajamjua. Ya pili ni kwamba kuuawa kwake kulizaa kesi mbili, na sisi tunaosoma sheria hapa Mutanga Nord tunazipita kimya kimya, kana kwamba mtu akishakuwa shujaa wa taifa, basi lolote lililotendwa kwa jina lake limekuwa haki.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mtoto wa kwanza wa kiume wa Mwami Mwambutsa Bangiricenge na Thérèse Kanyonga. Nchi wakati huo iliitwa Urundi na ilitawaliwa na Wabelgiji pamoja na Ruanda. Mwaka 1945 alipelekwa Astrida, kwenye shule ya mabruda iliyokuwa ikiwaandaa watoto wa machifu wawe makarani na watawala wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda Ubelgiji, akasoma Antwerp katika chuo kilichofundisha mambo ya utawala wa makoloni. Hakurudi na shahada kubwa ya kujivunia. Alirudi mwaka 1956 na fikra moja iliyomkaa kichwani, kwamba watu wake hawatakuwa huru wakati biashara yote, kuanzia kahawa hadi kitambaa, imo mikononi mwa wageni.

Hapo ndipo anapoingia katika historia yetu. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Mwana wa Mwami alihitaji watu wanaojua kupima, kukopesha, kusafirisha na kuuza, na watu hao hakuwapata milimani. Aliwapata Usumbura, jina la zamani la mji huu wetu, na hasa Buyenzi, mtaa ambao Wabelgiji waliuita kijiji cha Waswahili. Waliokaa pale walikuwa wamechanganyika damu: Warundi waliosilimu, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, watu wa Ujiji na Kigoma, wengine wenye asili ya pwani. Serikali ya kikoloni na misheni waliwatazama kwa jicho la shaka. Shule karibu zote zilikuwa za kanisa, kwa hiyo watoto wengi wa Kiislamu waliishia chuoni kwa mwalimu wa Kurani na kisha dukani kwa baba. Mlimani waliitwa watu wa mjini, na mjini waliitwa wageni.

Rwagasore aliketi nao. Alizungumza nao Kiswahili, akaingia nao katika hesabu za ushirika, na ushirika ulipoelemewa na madeni na serikali ikaingilia kati, urafiki haukuvunjika. Sitaki kupamba. Ushirika ule haukufanikiwa, na sehemu ya lawama ni ya wenyewe, maana hesabu hazikushikwa vizuri. Lakini kutokana na mtandao ule ule wa maduka, malori na barua zilizopita mikononi mwa Waswahili, chama cha UPRONA kilipata miguu yake ya kwanza mjini. Ndiyo maana ninasikitika kila nikisikia mwenzetu hapa chuoni akisema kwamba Waislamu wa Burundi waliikuta nchi hii ikiwa tayari imejengwa.

Mwaka 1959 alipewa uchifu wa Butanyerera. Mwezi Septemba mwaka huo huo akamuoa Marie-Rose Ntamikevyo. Uchifu hakuukalia sana. Siasa ilimvuta, na hotuba zake zilianza kuwatia Wabelgiji wasiwasi: alitaka uhuru wa haraka, alitaka ufalme unaobanwa na katiba, na alikuwa na urafiki na Julius Nyerere, ambaye TANU yake ilikuwa inaelekea ushindi upande wa pili wa ziwa.

Sasa nifike kwenye jambo la kisheria la kwanza. Mwaka 1960 ilipitishwa kanuni iliyowazuia jamaa wa karibu wa Mwami kushiriki siasa za vyama. Ukiisoma kwa maneno yake, inaonekana nzuri tu: mfalme awe juu ya vyama, na watu wa nyumba yake wasitumie kivuli chake kupata kura. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuitetea na akapata alama nzuri. Lakini kila mtu katika Usumbura alijua kanuni ile ilishonwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mmoja. Mwishoni mwa Oktoba 1960, uchaguzi wa tarafa ukikaribia, Rwagasore akawekwa kifungo cha nyumbani huko Bururi, na hakuachiwa mpaka Desemba, uchaguzi ulipokwisha. Chama cha PDC, kilichopendwa na utawala, kikaongoza. Viongozi wake wakuu walikuwa ndugu wawili, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, watoto wa chifu Pierre Baranyanka. Mashindano ya nyumba ya Baranyanka na nyumba ya Mwami yalikuwa ya zamani, ya koo za Batare na Bezi, na siasa mpya ya vyama iliyavika nguo mpya.

Mafakihi wetu wanafundisha kwamba hukumu ni lazima iwe ya wote walio katika hali moja. Kisa cha yule mwanamke wa ukoo wa Makhzum tunakijua tangu madrasa: aliiba, watu wake wakamtuma Usama awaombee, Mtume (s.a.w.) akakasirika na kueleza kwamba umma zilizotangulia ziliangamia kwa kumwacha mkubwa na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata binti yake Fatima asingesamehewa. Kwa kawaida tunakitumia kisa hiki kuwasema wakubwa wanaokwepa sheria. Kina upande wa pili. Ikiwa haifai kumtoa mtu mmoja nje ya sheria kwa kuwa ni mpendwa, haifai pia kumtungia mtu mmoja sheria yake kwa kuwa anachukiwa. Rwagasore alikuwa mwana wa mfalme na bado alidhulumiwa kwa njia hiyo. Cheo hakikumkinga, bali ndicho kilichokuwa kisingizio.

Umoja wa Mataifa, ambao Ubelgiji ilikuwa ikitawala kwa udhamini wake, haukuridhika na hali hiyo. Uchaguzi wa Bunge ukasogezwa mpaka Septemba 1961, na Rwagasore akarudi uwanjani. Tarehe 18 Septemba UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Mtu aliyekuwa amefungiwa Bururi miezi kumi tu kabla akawa waziri mkuu, akiwa na umri wa miaka 29.

Uongozi wake haukufika hata wiki tatu. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa mezani kwa chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Mtu aliyejificha gizani alimpiga risasi. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na hakuwa peke yake. Katika siku chache tu alikamatwa, na uchunguzi ukapanda ngazi kutoka kwake mpaka kwa Antoine Nahimana na Jean-Baptiste Ntakiyica, kwa Mgiriki mwingine aitwaye Michel Iatrou, na kwa wale ndugu wawili, Ntidendereza na Biroli.

Kesi ya kwanza ilisikilizwa Usumbura mwaka 1962, mbele ya majaji wa utawala wa Kibelgiji. Rufaa ilipokwisha mwezi Mei, Kageorgis pekee ndiye aliyebaki na hukumu ya kifo. Waliopanga na waliosaidia walipewa vifungo. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji hakumsamehe Kageorgis, na tarehe 30 Juni 1962 akapigwa risasi. Kesho yake, tarehe 1 Julai, bendera ya Ubelgiji ikashushwa.

Hapa watu wengi walikasirika, na hasira yao ninaielewa. Yule mgeni aliyeshika bunduki kafa, lakini waliompa shabaha wanakula chakula cha gereza na huenda siku moja wakatoka. Mjini walisema Wabelgiji wamewalinda rafiki zao. Zaidi ya hayo, mbele ya mahakama yalitolewa madai kwamba hata ndani ya utawala wa Kibelgiji kulikuwa na waliotaka Rwagasore aondolewe, na hakuna afisa hata mmoja wa Kibelgiji aliyewahi kushtakiwa.

Lakini tuitazame hukumu ile ya Mei kwa darubini ya fiqhi yetu, kwa sababu wengi hapa chuoni wanadhani kwamba sheria ya Kiislamu ingewaua wote bila kusita. Sivyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata sisi wa Afrika Mashariki, kisasi ni juu ya aliyeua kwa mkono wake. Mtu huru, mwenye akili na aliyebaleghe, akiambiwa na mwenzake nenda ukaue, naye akaenda bila kulazimishwa, basi yeye ndiye muuaji. Aliyemwamuru ana dhambi kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu na anastahili adabu ambayo kadhi ataiona inafaa, lakini si kisasi. Hata aliyemshika mtu mpaka akauawa na mwingine, Mashafi hawamuui. Mamaliki wanaona vingine: waliokula njama pamoja juu ya damu ya mtu wanauawa wote, pamoja na aliyekuwa akiangalia njia, ingawa pigo lilitoka kwa mmoja. Na nyuma ya mjadala huu kuna hukumu mashuhuri ya Sayyidna Umar (r.a.) katika kisa cha San'a huko Yemen, alipowaua watu kadhaa kwa damu ya mtu mmoja, akieleza kwamba lau mji mzima ungeshirikiana, asingeuacha.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza, iliyotolewa na majaji wasiojua hata Fatiha, ilitua karibu na mahali alipotua Imam Shafi, na hukumu waliyoitaka watu wa mjini ilikuwa karibu zaidi na Imam Malik. Nimebishana na wenzangu juu ya jambo hili mpaka usiku. Mmoja alisema basi tuchukue rai ya Malik, kwa kuwa inaziba mlango wa wakubwa wanaotuma wadogo kuua. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na nguvu. Lau ningekuwa kadhi mwanzoni mwa kesi ile, na ushahidi ukathibiti, huenda ningeelekea huko. Tatizo langu ni kile kilichofanyika baada ya hukumu kutolewa.

Uhuru ulipopatikana, Burundi iliunda Mahakama ya Juu, na ikaipa uwezo wa kurudi nyuma juu ya mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Mahakama hiyo ikaifuta kesi ya kwanza, kwa hoja kwamba iliendeshwa bila juri, yaani raia wanaokaa pamoja na majaji kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kesi ikaanza upya. Mwezi Novemba 1962 watu watano wakahukumiwa kifo: Ntidendereza, Biroli, Nahimana, Ntakiyica na Iatrou. Tarehe 15 Januari 1963 wakanyongwa Gitega, mbele ya maelfu ya watu.

Hoja ya juri si ya kipuuzi. Wanasheria wanaweza kuitetea. Lakini juri ni haki ya nani? Ni ngao ya mshtakiwa, ili asihukumiwe na watu wa serikali peke yao. Katika kesi hii ngao hiyo ilichukuliwa mikononi mwa washtakiwa, ikasemwa kwamba waliinyimwa, na kwa sababu ya kunyimwa huko wakatolewa kwenye kifungo wakapelekwa kwenye kitanzi. Ukimwambia mtu kwamba amedhulumiwa, kisha ukamlipa dhulma hiyo kwa adhabu kubwa zaidi, umemfanyia nini? Mwalimu yeyote wa sheria ya jinai atakwambia kwamba makosa ya mahakama dhidi ya mshtakiwa hayatumiki kumzidishia mshtakiwa.

Wapo wanaojibu kwa kutaja barua ya Sayyidna Umar kwa Abu Musa al-Ash'ari, ile inayosomwa katika kila kitabu cha ukadhi, ambamo anamuusia kadhi asione haya kurudi kwenye haki hata kama jana alihukumu vingine. Wanasema: basi Burundi ilirudi kwenye haki. Lakini Umar huyo huyo ana kisa kingine ambacho hawakitaji. Aliletewa suala la mirathi: mke amekufa, ameacha mume, mama, ndugu wa kwa mama na ndugu wa baba na mama. Mwaka mmoja aliwanyima ndugu wa baba na mama, kwa kuwa mali ilikwisha kabla haijawafikia. Baadaye likaja suala mfano wake, akawashirikisha. Alipoulizwa, hakwenda kuwanyang'anya wale wa kwanza. Aliacha hukumu ya mwanzo ibaki kama ilivyoamuliwa, na ya pili ibaki kama ilivyoamuliwa. Kutokana na kisa kama hiki mafakihi walijenga kanuni kwamba ijtihadi haitenguliwi na ijtihadi nyingine kama yake. Kadhi anarudi nyuma pale tu hukumu ya kwanza ilipopingana na andiko la wazi, ijmaa, au kiyasi kisicho na shaka. Kama kila kadhi mpya angeruhusiwa kufukua kesi za aliyemtangulia kwa sababu ana rai nyingine, hakuna mtu ambaye angelala usingizi na hukumu yake mkononi.

Na hukumu ya Mei 1962 haikupingana na andiko lolote. Tumeona kwamba ilikuwa moja ya rai mbili ambazo hata maimamu wetu waligawanyika juu yake. Kwa hiyo kwa mizani ya fiqhi, haikuwa halali kuitengua kwa sababu tu watu hawakuipenda.

Tena kuna aya ya 33 ya Suratul Israa. Inamthibitishia walii wa aliyeuawa kwa dhulma haki yake, haimwambii anyamaze, kisha hapo hapo inamkataza kupindukia mpaka katika kuua. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zamani mtu wao mkubwa akiuawa hawakutosheka na muuaji. Walitafuta mkubwa wa upande wa pili, au walichukua wengi kwa mmoja, kwa sababu damu ya mkubwa kwao ilikuwa nzito kuliko ya mtu wa kawaida. Uislamu ulikuja kuvunja mizani hiyo. Ninaposoma habari za Gitega, watoto wawili wa Baranyanka kwenye mti mmoja, siwezi kujizuia kuuliza ni kiasi gani cha hukumu ile kilikuwa ushahidi na kiasi gani kilikuwa Bezi na Batare.

Simtetei Ntidendereza. Sioni sababu ya kuamini kwamba hakuhusika, na kesi zote mbili zilimwona na hatia. Hapa ndipo inapofaa kutenganisha maneno mawili ambayo katika Kiswahili chetu tunayachanganya, haki na insafu. Haki ni kile anachostahili mtu mwishoni. Insafu ni namna unavyomfikisha pale. Mtu anaweza kupata anachostahili kwa njia isiyo ya insafu, na kila mmoja akaridhika, isipokuwa sheria yenyewe imeshavunjika mkononi mwa walioishika. Aya ya nane ya Suratul Maida inaamrisha uadilifu hasa pale chuki inapokuwepo. Inazungumza na watu waliokwisha kudhulumiwa kweli, maana asiye na adui hahitaji kuamrishwa hivyo.

Na Mtume (s.a.w.) aliletewa kesi Madina ambapo jamaa wa mtu wa Kiansari walitaka kumtupia Myahudi wizi wa deraya. Mambo yote yalikuwa yanaelekea kumwangukia yule Myahudi: hakuwa wa dini yao, na walalamikaji walikuwa watu wa nyumbani. Zikashuka aya za Suratun Nisaa kumtakasa. Nimeitaja kwa sababu ndani ya jumuiya yetu tunapenda kuisimulia kama fahari, lakini mara chache tunajiuliza ni nani katika Burundi yetu amesimama mahali pa Myahudi yule.

Kuna damu nyingine ambayo haitajwi tarehe 13 Oktoba. Mwezi Januari 1962, wakati kesi ya kwanza bado haijaisha, vijana waliojiita kwa jina la Rwagasore waliingia Kamenge, ambayo haiko mbali na hapa Mutanga Nord. Waliwaua watu wanne, wote Wahutu, miongoni mwao viongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kikristo na wa chama cha kisiasa cha Parti du Peuple, na nyumba zikachomwa. Hawakuundiwa mahakama mpya ya kurudi nyuma. Rwagasore mwenyewe alikuwa amekusanya Wahutu, Watutsi na Waganwa katika chama kimoja, na hakuna jambo katika maisha yake linaloonyesha kwamba angekubali hilo. Lakini alikuwa tayari kaburini, na maiti hana uwezo wa kuchagua wanaobeba jina lake. Wengi wanaosoma historia yetu wanahesabu kuanzia pale Kamenge njia iliyotupeleka kwenye 1965, 1972 na 1993. Mimi si mwanahistoria, ila ninaona kwamba damu ya mkubwa ilipata kesi mbili na ya wale wanne haikupata hata nusu ya sauti hiyo.

Jambo bado halijafungwa. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliitaja rasmi Ubelgiji kuwa ndiyo iliyosimamia mauaji yale. Mwaka 2021 mtafiti wa Kibelgiji, Ludo De Witte, alitoa kitabu kizima juu ya mkono wa utawala wa kikoloni katika kifo hicho. Wenzetu wa kitivo cha sheria wanauliza kama kesi ya tatu inawezekana. Mashafi wana jibu ambalo naliona la busara: muuaji akifa, kisasi kinaanguka, kwa kuwa hakuna tena shingo ya kulipa, lakini dia haianguki, hubaki deni juu ya mali aliyoiacha. Sijui fakihi angesema nini ikiwa aliyeacha mali ni dola na si mtu. Ni suala linalostahili utafiti wa shahada, na ningefurahi mmoja wenu alichukue.

Na dia, kama ingelipwa, ingekwenda kwa warithi wa damu. Hapo kuna jambo ambalo nililiona nilipokuwa nasoma kesi ya pili na ambalo halijaniacha. Katika fiqhi yetu walii wa damu ana njia tatu: kisasi, dia, au msamaha, na msamaha ndio unaosifiwa. Katika Burundi ya Januari 1963, mwenye uwezo wa kuwasamehe wale watano alikuwa Mwami. Mwami huyo ndiye aliyekuwa baba wa marehemu. Watu wawili ambao sheria huwatenganisha, walii anayedai na mtawala anayehukumu, walikuwa mtu mmoja, Mwambutsa. Alikuwa na haki ya baba kukataa. Alikuwa na wajibu wa mfalme kutazama kama kesi ilikwenda kwa insafu. Sijui baba gani angeweza kuzitenganisha nafsi hizo mbili usiku ule kabla ya Gitega. Hakusamehe. Miaka miwili na ushei baadaye aliikimbia nchi, mwaka 1966 akapinduliwa na mwanawe mwingine, na alifariki Uswisi mwaka 1977. Mabaki yake yalipofukuliwa mwaka 2012 ili yarudishwe Burundi, jamaa zake walikwenda mahakamani kuzuia, kesi ikachukua miaka, na mwishowe akazikwa tena huko huko, Meyrin.